Mawifi wanataka kunipeleka hamamu kabla ya harusi. Nijiandae vipi?

Swali

Hujambo, dada. Ninaishi Kasarani na ninaolewa mwezi ujao. Mchumba wangu ni mtu wa Mombasa, na dada zake wawili wanakaa South C. Juzi wifi mkubwa alinipigia simu akasema wiki ya harusi watanichukua twende hamamu, wanawake peke yetu, tuingie kwenye mvuke, nisuguliwe, tushinde huko nusu siku. Sijawahi kuingia mahali kama hapo. Kuoga mbele ya watu niliachana nako bwenini, kidato cha nne. Nimesoma mtandaoni kwamba watu huvua kila kitu. Je, nitakaa uchi mbele ya mawifi? Humo ndani mtu hukaa muda gani? Halafu nina presha, nameza kidonge kila asubuhi tangu mwaka jana. Nikikataa wataona ninajitenga nao. Nishauri.

*Bi harusi mtarajiwa, Kasarani*

Jibu

Hongera, mdogo wangu. Hakuna atakayekuvua nguo. Katika nyumba za mvuke za Nairobi ninazozijua, ziwe za Eastleigh, Parklands au Kilimani, mwanamke huingia amejifunga leso au taulo kifuani na chupi ndani yake, na wengi hubaki hivyo mpaka mwisho. Presha nayo haikufungii mlango, ila inabadilisha namna utakavyoingia. Hilo nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu katika barua yako ndilo jambo la hatari. Aibu hupita ukishakaa kidogo. Kizunguzungu kwenye sakafu yenye maji hakipiti hivyo.

Uliyoyasoma mtandaoni ni kweli, lakini ni kweli ya kwingine. Ufini watu wa familia moja huingia sauna bila nguo na hakuna anayeshangaa, na desturi yao ya sauna iliandikishwa na UNESCO mwaka 2020 katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu. Japani, kwenye chemchemi za maji moto wanazoita onsen, mara nyingi nguo za kuogelea haziruhusiwi kabisa. Mtu huketi kwenye kigoda, akajisugua kwa sabuni na kujisuuza, ndipo aingie kwenye maji ya wote. Korea Kusini wanawake huwa upande wao na wanaume upande wao, wote bila nguo, halafu hukutana ukumbini wakiwa wamevaa fulana na kaptura za nyumba hiyo. Uturuki mgeni hupewa kitambaa chepesi cha kujifunga. Moroko wanawake wengi hubaki na chupi.

Hapa kwetu tumechukua vyombo vya watu hao, tukaviweka kwenye staha yetu. Kwenye hoteli na kwenye jimu ambako sauna moja hutumiwa na wake kwa waume, nguo ya kuogelea ni lazima. Ndivyo ilivyo hata kule Olkaria, ndani ya mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, ambako KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ina mabwawa ya maji moto yanayotokana na joto la ardhini. Kwenye hamamu ya wanawake pekee, leso inatosha. Na ikiwa mawifi wako ni Waislamu, jua kwamba wanawake wengi wa Kiislamu hujisitiri kati ya kitovu na magoti hata mbele ya wanawake wenzao, kwa hiyo ukiingia umejifunga hutakuwa peke yako. Pengine wao ndio watakaokuwa wamejisitiri kuliko wote mle ndani.

Kuna jambo ambalo mtu wa bara anaweza kulikosa katika mwaliko huu. Kwa watu wa pwani, kumwandaa bibi harusi ni kazi ya wanawake wa nyumba. Anasingwa kwa singo, ule mchanganyiko wa liwa, maua na manukato, anafukizwa udi, anapakwa hina, na wakati huo wote kuna watu wazima wanaomkalisha na kuzungumza naye. Hamamu ya Nairobi imechukua sehemu ya kazi hiyo kwa familia ambazo nyumba zao za ghorofa hazina ua wala nafasi. Nayo si ya jana. Unguja kuna mtaa unaoitwa Hamamni, na jengo lenyewe bado limesimama: hamamu iliyojengwa wakati wa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ili watu wa mji waitumie. Ilifanya kazi hadi 1920. Kabla yake, Seyyid Said alikuwa amejenga nyingine huko Kidichi mwaka 1850, nje ya mji kwenye mashamba ya karafuu, kwa ajili ya mke wake Mwajemi. Kwa hiyo wifi mkubwa alipokupigia simu hakuwa anakualika kwenye anasa ya vijana wa mjini. Anakuita uwe mtu wa kwao. Mimi nakusihi uende.

Kwanza mpigie umuulize mnaenda wapi hasa, maana hapa mjini mabango huchanganya mambo matatu ambayo mwili wako utayapokea tofauti.

Sauna ni chumba cha mbao chenye joto kavu, kwa kawaida kati ya nyuzi 70 na 100, na mawe ya moto yanayomwagiwa maji kidogo mara kwa mara. Chumba cha mvuke ni cha vigae, nyuzi 40 hadi 50 tu, lakini hewa imejaa maji mpaka huoni mtu aliyekaa mbele yako. Wageni husikia "nyuzi 45" wakadhani ni rahisi kuliko sauna, na hapo ndipo wengi huzidiwa. Jasho hupoza mwili linapokauka, na ndani ya mvuke halikauki. Linatiririka tu bila kukusaidia. Hamamu yenyewe ni chumba cha joto la wastani chenye vibaraza vya mawe au marumaru, maji ya moto na baridi, na mtu wa kukusugua. Kwa mgeni mwenye presha, hamamu ndiyo rafiki kuliko zote tatu. Ikiwa kuna na jakuzi, maji yake hayafai kupita nyuzi 40, na dakika kumi zinakutosha.

Sasa siku yenyewe. Kula chakula chepesi saa moja na nusu au mbili kabla. Usiende na njaa, na usitoke kwenye pilau moja kwa moja ukaingia mvuke. Kunywa maji tangu asubuhi. Usinyoe wala kung'oa nywele za mwili siku hiyo wala usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa sababu sabuni na glavu zitawasha kwenye ngozi iliyotoka kunyolewa kama pilipili. Beba leso mbili, moja ya kulowa na moja ya kutokea, taulo, chupi ya akiba, patipati za mpira zisizoteleza, kitana, mafuta yako unayoyajua, chupa ya maji, na sweta. Mikufu, pete na hereni ziache nyumbani. Chuma hushika moto ndani ya sauna kikakuchoma, na pete iliyopotea kwenye maji ya sabuni hairudi. Kama unavaa lenzi za macho, zitoe.

Nywele ni suala la kweli kwa mwanamke wa Nairobi, na wahudumu wengi hawalitaji mpaka umeshalowa. Nywele zilizonyooshwa kwa pasi zitarudi ndani ya mvuke, hata ukivaa kofia. Rasta na nywele za bandia za kushonea (weave) hunyonya maji, zikakaa na unyevunyevu kwenye ngozi ya kichwa siku nzima. Kwa hiyo panga msusi wako aje baada ya hamamu. Ukishasukwa tayari, funga kichwa kwa kitambaa cha pamba, kofia ya plastiki juu yake, na ukaushe vizuri kwa hewa baridi ya drai ukitoka.

Mkifika, ulizeni bei na kilichomo ndani yake kabla ya kuvua viatu. Kusuguliwa huwa na bei yake, kukandwa bei yake, na kuna nyumba zinazotoza hata taulo. Mambo ya pesa yakimalizika mapokezini, na bakshishi ya msuguaji ikiwa imewekwa kando, hakuna atakayewaza bili akiwa amelala kifudifudi.

Kisha mnaoga. Hapa sina mzaha: kila mtu aoge kwa sabuni, kwapani, mapajani, miguuni, kabla ya kugusa maji ya pamoja au kukaa kwenye kibaraza. Losheni, manukato, jasho na mkojo vikikutana na klorini kwenye jakuzi hutoa gesi ile yenye harufu kali inayochoma macho. Watu huinusa wakasema "maji haya yametiwa dawa vizuri". Ni kinyume chake. Bwawa lililo safi halina harufu kali. Ukiona watu wanaingia majini na losheni zao na mhudumu ananyamaza, tafuta sehemu yenye maji ya bomba ukae hapo.

Ndani ya chumba cha mvuke, tandika taulo yako ndogo, ukae ngazi ya chini kabisa. Hewa ya moto hupanda juu, na tofauti kati ya ngazi ya chini na ya juu utaisikia masikioni. Mara ya kwanza kaa dakika tano, zisizidi nane. Pumua kwa pua. Usihesabu pamoja na mwingine wala usimsubiri wifi; wapo watakaokaa dakika ishirini huku wakipiga soga, na hilo ni lao. Ukisikia moyo unapiga masikioni, kichefuchefu, kichwa chepesi, au jasho likakatika ghafla, toka. Hakuna anayekuwekea alama.

Ukitoka, jimwagie maji ya vuguvugu, yasiwe ya baridi sana, ukianzia miguuni na mikononi kupanda juu. Halafu keti. Hapa ndipo ningependa unisikilize kuliko mahali pengine pote. Kabla ya kazi hii nilikuwa muuguzi, na kwa miaka mingi sasa nimesimamia vyumba vya mvuke hapa mjini. Sehemu ambayo watu wa Nairobi huikatiza ni kupumzika. Wanaingia mvuke, wanatoka, wanaangalia simu, wanakimbilia matatu kabla foleni ya Thika Road haijafunga. Mwili unapokuwa kwenye joto uko kazini. Mapigo yanarudi chini, mishipa inajirekebisha na misuli inalegea pale unapoketi ukiwa umejifunika, robo saa nzima, unakunywa maji bila kufanya kitu. Anayekatiza hapo hutoka na kichwa kizito akasema mvuke haumfai. Mwenye nusu saa tu asiende siku hiyo. Wewe umeambiwa nusu siku, na wifi aliyesema hivyo anajua anachokisema.

Baada ya kupumzika unaweza kurudi mara ya pili, muda uleule au pungufu. Mizunguko miwili inakutosha kabisa. Kisha kusuguliwa.

Msuguaji atakupaka sabuni nyeusi laini ya Moroko inayotengenezwa kwa mafuta ya zeituni, aiache mwilini dakika tano au kumi, aisuuze, kisha avae glavu yenye kukwaruza. Atakulaza upande mmoja, akugeuze, akuinue mkono. Utaona nongo inatoka kwenye ngozi kwa vijinyuzi vya kijivu, mingi, na hapo kila mgeni hutamani ardhi ipasuke. Usiwe na haya. Ile ni ngozi iliyokufa iliyolainishwa na maji na joto, na humtoka hata aliyeoga mara mbili siku hiyo. Msuguaji asipoiona ndipo atakaposikitika, maana atajua hukukaa kwenye mvuke vya kutosha.

Lakini ngozi ni yako na mkono ni wake, kwa hiyo sema. Kuna wasuguaji wanaodhani wekundu na maumivu ni ushahidi wa kazi nzuri. Kwa ngozi zetu nyeusi hilo lina gharama: mahali palipochubuka hupona kwa kuacha doa jeusi, na doa hilo linaweza kukaa miezi. Hutaki kuingia kwenye picha za harusi na mgongo wenye mistari. Mwambie "polepole" mara ya kwanza glavu inapokugusa, usingoje. Usoni asipitishe glavu hiyo kabisa, wala kwenye chuchu, chunusi, vidonda, chunjua au ukurutu. Chupi yako inabaki, na sehemu iliyo ndani yake unajiosha mwenyewe. Ukiwa unatumia krimu za kung'arisha ngozi, za chunusi zenye vitamini A, au zile zenye steroidi, ngozi yako imekuwa nyembamba kuliko unavyodhani, na mimi ningekukatalia kusuguliwa hata kama umelipia. Kaa mvukeni, upakwe mafuta, basi.

Glavu iwe mpya na iwe yako. Nyumba nzuri huifungua kwenye mfuko mbele yako na kukuachia uende nayo. Inayotumiwa na wengi hubaki na unyevu na ngozi za watu, na hakuna kuianika kunakoisafisha.

Turudi kwenye presha. Joto likikuingia, mishipa iliyo karibu na ngozi hupanuka ili mwili utoe joto nje. Damu nyingi huhamia huko, moyo huongeza mapigo, kwenye sauna yanaweza kufika 100 hadi 150 kwa dakika, na kwa watu wengi presha huelekea kushuka, hasa wanapotoka. Kidonge chako nacho kazi yake ni kuishusha. Kama ni amlodipini, kinapanua mishipa hiyohiyo. Kama ni dawa ya kuongeza mkojo, inakutoa maji ambayo jasho nalo linayatoa. Mtu anaweza kupoteza nusu kilo ya jasho kwa kuingia sauna mara moja. Kama ni atenololi au jamaa zake, zinauzuia moyo kukimbia pale unapohitaji ukimbie. Watu huogopa mshipa kupasuka ndani ya mvuke. Kwa mtu wa umri wako mwenye presha iliyotulia, ninachokiogopa zaidi ni usimame ghafla, damu ibaki miguuni, macho yaingie giza, uangukie ukingo wa vigae.

Kwa hiyo fanya hivi. Wiki hii, si wiki ya harusi, nenda kliniki unakochukulia dawa, umwambie daktari unachotaka kufanya na jina la dawa yako. Mwenye presha inayodhibitiwa kwa kawaida huruhusiwa. Usiruke kidonge siku hiyo kwa kudhani mvuke utafanya kazi yake. Pima asubuhi kabla ya kutoka. Mimi mteja mwenye 160 kwa 100 au zaidi namrudisha nyumbani kwa upole, na vilevile aliye chini ya 100 ile namba ya juu. Ndani ya mvuke, kabla ya kusimama, kaa wima kwanza, chezesha vidole vya miguu, hesabu polepole hadi ishirini, kisha inuka ukishika ukuta. Baada ya kusuguliwa umelala, fanya hivyohivyo.

Na kwenye ile karo ya maji ya barafu, usiingie. Vijana wa jimu wanaipenda, wanatoka sauna wanajitumbukiza huku wenzao wakipiga makofi. Baridi kali ghafla hubana mishipa yote kwa mpigo mmoja na kupandisha presha juu upesi. Wewe maji ya vuguvugu yanakutosha.

Kuna wengine ambao ningewaambia wasiingie kabisa mpaka daktari aseme: mwenye maumivu ya kifua yanayomjia hata akiwa amepumzika, aliyepata shambulio la moyo hivi karibuni, mwenye vali ya moyo iliyobana sana, mwenye homa, na mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi, maana hatasikia sakafu inapomchoma. Aliyelewa naye asiingie. Ufini, nchi yenye uzoefu wa sauna kuliko zote, pombe huonekana mara kwa mara kwenye vifo vya ndani ya sauna. Na nikuambie hili kama dada: ikiwa kuna uwezekano wowote una mimba, hata ya wiki chache, joto kali na jakuzi uziache, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Hutalazimika kumweleza mtu. Presha ni sababu ya kutosha mbele ya mawifi wote.

Hedhi ikikukuta siku hiyo, maji ya bwawa la pamoja yaache. Kusuguliwa chini ya maji yanayotiririka hakuna ubaya wa kiafya, lakini wengi huona afadhali waahirishe siku mbili tatu, na nawaelewa.

Usafi wa nyumba unaweza kuuona kwa macho mlangoni. Sakafu haina utelezi wa ukungu, pembe za vigae si nyeusi, maji ya jakuzi yanaonyesha hadi chini, na kuna mtu anayepita kusuuza vibaraza kati ya wageni. Maji ya vuguvugu yasiyotunzwa ni mahali pazuri pa kukuzia vijidudu, vingine vya kutoa vipele kwenye vinyweleo na vingine vya kushambulia mapafu. Uliza pia wana tangi au kisima chao. Siku za mgao wa maji, hamamu isiyo na akiba huanza kubania, na kubania maji na kusugua watu haviendi pamoja.

Angalia mlango wa chumba cha joto. Unatakiwa ufunguke kwa kusukumwa kutoka ndani, bila komeo wala kitasa cha kuzungusha. Hapa kwetu stima hupotea, na giza likikukuta ndani ya mvuke unatakiwa uweke mkono ukutani, usukume, utoke. Mlango wenye komeo ni sababu ya kutoingia.

Mawifi wakibadili mawazo wakasema tufanye nyumbani, mfunikwe blanketi juu ya sufuria, kuweni waangalifu na maji yale yanayochemka. Yamechoma watu wengi. Na jiko la makaa lisiingizwe kwenye chumba kilichofungwa hata kwa dakika kumi. Gesi yake haina harufu, na huua watu wakiwa wamelala.

Utasikia mengi huko ndani kuhusu faida. Kwamba jasho linatoa sumu: kazi hiyo ni ya ini na figo, na jasho ni maji na chumvi. Kwamba utapungua kilo: kilo hiyo ni maji na itarudi ukishakunywa chai. Kwamba ukitoka kwenye joto ukapigwa na baridi ya Julai utapata nimonia: nimonia huletwa na vijidudu, lakini sweta nimekuambia ubebe kwa sababu kutetemeka baada ya starehe kama ile ni kujiharibia. Upande wa pili, wapo watafiti waliofuatilia wanaume 2,315 mashariki mwa Ufini kwa takribani miaka ishirini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015: walioingia sauna mara nne hadi saba kwa wiki walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko walioingia mara moja. Ni habari njema, lakini walikuwa watu waliokulia saunani, na utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba sauna yenyewe ndiyo iliyowaokoa. Usiache kidonge kwa ajili yake. Faida ambayo mimi naishuhudia ni ndogo na ya hakika: misuli ya shingo na mgongo hulegea, mtu hulala vizuri usiku huo, na wiki moja kabla ya harusi sijui bibi harusi asiyehitaji usingizi.

Ratiba ni muhimu. Kusuguliwa hutoa tabaka la juu la ngozi, na rangi ya hina hukaa kwenye tabaka hilohilo. Ukipakwa hina kwanza kisha uende hamamu, utaiacha kwenye glavu. Kama harusi ni Jumamosi, omba hamamu iwe Jumanne, hina Alhamisi, msusi siku yoyote kati ya hapo. Ngozi ikiwa na wekundu itakuwa imetulia. Jumanne hiyo usipake krimu mpya wala manukato makali juu ya ngozi iliyotoka kusuguliwa. Mafuta ya nazi au yale uliyoyazoea yanatosha. Singo, kama watataka kukusinga, ifanywe nyepesi na si siku moja na glavu.

Na mawifi? Mpigie yule mkubwa kabla ya siku, msiwe na wengine kwenye simu, umwambie: "Wifi, nimefurahi mmenifikiria, nitakuja. Mimi nabaki na leso yangu, na nina presha, kwa hiyo nitakuwa natoka mapema kuliko nyinyi." Mwambie pia jina la dawa na mahali simu yako itakapokuwa, kwa sababu ndani ya chumba kile anatakiwa awepo mtu mmoja anayejua. Ukitoka kwenye mvuke mara ya kwanza, mwombe atoke nawe mkae pamoja ile robo saa. Maneno anayotaka kukuambia kabla hujaingia nyumbani kwao hawezi kukuambia kwenye mvuke ambamo hamuonani.